Resi ya pikipiki inaponasa

SWALI: Ndugu Fundi, salaam. Mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe changu kipo Uyole, jijini Mbeya, na natumia pikipiki ya cc 125. Mwezi uliopita niliteleza na kuanguka karibu na Isongole nikitoka Tukuyu, usukani ukapinda, fundi akaunyoosha na kunifungia waya mpya wa resi. Tangu hapo, nikiachia resi, injini huendelea kunguruma kwa muda kabla ya kushuka, na nikikata kona kali ya kushoto hupanda yenyewe. Nimetia oili kwenye waya mara mbili, lakini baada ya siku mbili hali hurudi. Kwa sasa nimefunga kipande cha mpira ili kirudishe mshikio. Je, ubovu uko kwenye waya au kwenye kabureta?

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana kwa ajali hiyo. Kabla ya mengine yote, nakuomba uufungue huo mpira leo hii, na usimpakie abiria mpaka pikipiki itakapotengemaa. Waya wa resi huweza kuvuta tu, hauwezi kusukuma. Kinachoishusha pistoni ya kabureta (kipande kinachopanda na kushuka ndani yake kufungua na kufunga njia ya hewa, si pistoni ya injini) ili mngurumo wa injini ushuke ni springi iliyo juu ya pistoni hiyo. Mpira wako unaurudisha mshikio mkononi, lakini kule ndani pistoni inaweza kubaki imenasa juu, nawe ukadhani umekata resi kwa sababu tu mshikio umerudi. Umeificha dalili, hukuuondoa ubovu.

Kuhusu swali lako, jambo lililonivutia zaidi ni hiyo kona ya kushoto. Unapougeuza usukani kushoto, upande wa kulia wenye mshikio wa resi husogea mbele, na waya uliopitishwa mahali pasipo pake, au ulio mfupi kuliko ule wa awali, hukazwa na kuifungua kabureta bila mkono wako kufanya lolote. Kwa kuwa tatizo lilianza baada ya kufungiwa waya mpya, namshuku zaidi aliyeupitisha kuliko kabureta yenyewe. Liondoe tangi la petroli, ufuatilie waya kwa kidole tangu kwenye mshikio hadi kwenye kabureta, ukiangalia kama umebanwa kati ya tangi na fremu, kama umefungwa pamoja na nyaya za umeme kwa kamba iliyokazwa mno, au kama umekunjwa kwa pembe kali. Waya unatakiwa kupita kwa mkunjo mpana. Kisha rekebisha nati za waya mpaka mshikio uwe na mchezo wa milimita 2 hadi 6 kabla haujaanza kuvuta.

Ukishamaliza, zima injini, zungusha resi mpaka mwisho na uiachie ghafla, usukani ukiwa umenyooka, kisha ukiwa umegeuzwa kushoto kabisa, na mwisho kulia kabisa. Katika hali zote tatu mshikio urudi wenyewe kwa kasi, na usikie mgoto mdogo wa pistoni ikigonga chini. Ikiwa bado inasitasita, chomoa waya upande wa kabureta na uuvute kwa mkono. Waya ukiwa mzito hata baada ya kuchomolewa, ubovu uko juu: huenda bomba la usukani lilibaki na kovu baada ya kunyooshwa, au mpira wa mshikio umesukumwa ndani mno ukawa unasugua kasha la swichi. Waya ukiwa mwepesi, geukia kabureta: osha pistoni na tundu lake kwa petroli safi, kagua mikwaruzo na springi, na uhakikishe mfereji wa pistoni umekaa sawasawa kwenye pini yake unapoirudisha. Nati zinazoshikilia kabureta zisikazwe kupita kiasi, maana zinaweza kuipinda na kuibana pistoni.

Ukiona hata uzi mmoja wa waya umekatika, badilisha waya mzima. Uzi huo hujikunja ndani ya ala (ganda la nje la waya) na kukwama, na hapo oili haisaidii.

Ikitokea resi ikanasa ukiwa mteremkoni kuelekea Kiwira, bana klachi, zima injini kwa swichi iliyo kwenye usukani, kisha funga breki zote mbili kwa utaratibu huku ukielekea pembeni mwa barabara. Jizoeze kuifikia swichi hiyo kwa kidole gumba bila kuitazama.

SWALI: Naishi Makete. Asubuhi za Juni na Julai, kukiwa na sakitu, resi ya pikipiki yangu huwa ngumu, lakini jua likishapanda hulainika. Je, ninunue waya mwingine?

JIBU: Usiharakishe kununua. Yaelekea maji yameingia ndani ya ala ya waya na huganda usiku, au kuna grisi nzito inayokazwa na baridi. Uchomoe waya pande zote mbili, uuning'inize wima, na ufunge kipande cha mpira wa tyubu kwenye ncha ya juu kama faneli. Tia humo mafuta mepesi ya cherehani, uuache usiku kucha ndani ya nyumba mpaka mafuta yadondoke chini yakiwa safi, bila maji wala kutu. Kisha kagua kifuniko cha mpira kilicho kwenye ncha ya waya, kwa kuwa kikipasuka maji yatarudi palepale. Ikiwa umevisha usukani mifuko ya kukinga mikono na baridi, hakikisha pia kwamba haiugusi mshikio.