Homa ya papasi: usimpe mtoto mseto tena, akapimwe damu kwa hadubini homa ikiwa juu

Dada, weka hiyo dawa chini kwanza. Umeandika kwamba mtoto wako wa miaka minne alishikwa na homa aliporudi kwa bibi yake kijijini, kipimo cha haraka kikaonyesha hana malaria, muuzaji wa duka la dawa akakupa mseto, dawa ya malaria, hivyohivyo, homa ikaisha, na sasa baada ya wiki imerudi kwa nguvu. Unauliza umpe mseto tena au umbadilishie dawa. Usimpe! Habari hiyo naijua yote, maana yamenikuta: inafanana na homa ya papasi, kupe anayekaa kwenye nyufa za nyumba na kunyonya watu usiku.

Mwanangu alilala kwa bibi yake huku Dodoma vijijini, kwenye tembe, mkeka chini, ukuta wa udongo una nyufa za kuingiza kidole. Kurudi nyumbani hana hata alama ya kuumwa na mdudu. Papasi si kama kupe wa ng'ombe anayeng'ang'ania ngozi mpaka umkute. Anatoka kwenye ufa usiku, ananyonya kwa muda mfupi, anarudi kujificha kabla hakujakucha. Basi mtoto akaanza kuchemka: kichwa, matapishi, miguu inamuuma hataki kusimama. Dukani akatobolewa kidole, hana malaria. Muuzaji akasema, "Hivi vipimo vinadanganya, mpe tu mseto." Tukampa. Homa ikashuka kweli, tena ghafla, kwa jasho lililolowesha shuka na godoro. Asubuhi mtoto anadai uji. Nyumba nzima tukasema dawa imemkubali.

Hapo ndipo tulipoumia, na hapo ndipo ulipo wewe leo. Mseto haukufanya kitu. Homa ya papasi hushuka yenyewe baada ya siku chache, hata ungempa maji matupu. Mwili unavitambua vijidudu ambavyo papasi ameviacha kwenye damu, unavishambulia, homa inaondoka. Lakini vichache vinabaki vimeshabadili sura, mwili hauvijui tena, vinazaliana kimyakimya, na baada ya wiki hivi mtoto anaanza upya. Sasa wewe unaona dawa ilifanya kazi ila dozi ilikuwa ndogo, unaongeza. Papasi hana habari na mseto, dada. Unaweza kumaliza duka zima.

Nasi tuliongeza. Kwa muuzaji yuleyule, na safari hii akatuuzia na sindano za malaria juu yake. Katikati ya hapo tulimpeleka zahanati, lakini siku ambayo homa imetulia. Damu ikasomwa, ikaonekana safi, tukarudi tumefurahi. Hakuna aliyetuambia kwamba homa ikiwa imelala vijidudu vinakuwa vichache mno kwenye damu kiasi cha kutoonekana. Homa ilipopanda tena mtoto alitoka damu puani, macho yakawa ya manjano, akawa anaitwa haitiki. Mke wangu alimbeba mgongoni mpaka barabarani, na sauti ya mtoto anavyokoroma mgongoni kwa mama yake bado ninayo.

Nakasirika mpaka leo. Ugonjwa huu si mgeni wala si siri. Daktari wa Kijerumani, Robert Koch, aliuchunguza hapahapa nchini enzi za Wajerumani, akakuta vijidudu mpaka kwenye mayai ya papasi. Mwaka 1905 daktari wa Kiingereza, Joseph Dutton, alikufa kwa homa hiyohiyo kule Kasongo, Kongo, akiwa kazini kuuchunguza. Zaidi ya miaka mia imepita, halafu mtu anafungua duka Dodoma, nchi ya papasi, anapima mtoto, anakuta hana malaria, na kichwani mwake hakuna ugonjwa mwingine wa homa! Kile kipimo hakikudanganya. Kilisema kweli kwamba malaria haipo, yeye ndiye aliyekikatalia kwa sababu alikuwa na dawa ya kuuza.

Kituo cha afya tulichofika, mtaalamu wa maabara alichukua tone la damu mtoto akiwa anawaka, akalipaka kwenye kioo, akalitia rangi ileile wanayotumia kutafuta malaria. Akaniita nichungulie: vijinyuzi vya zambarau vimepindapinda katikati ya chembe za damu, vingi. Kazi ndogo namna hiyo. Kipimo cha haraka hakiwezi kukuonyesha hivyo, kinatafuta malaria tu. Kwa hiyo ukifika sema kwa mdomo wako: "Naomba damu isomwe kwa hadubini, mtoto alilala nyumba yenye papasi." Litaje neno papasi, usingoje kuulizwa.

Na dawa usije ukanunua mwenyewe, hata ukishaambiwa jina lake. Wapo wanaopewa sindano ya penisilini, wetu alipewa erithromaisini ya maji kwa kipimo cha uzito wake, daktari ndiye anayechagua. Muuguzi alitukataza kuondoka baada ya dozi ya kwanza. Saa chache tu mtoto akaanza kutetemeka kitanda kinagonga ukuta, homa ikapanda kuliko mwanzo, mapigo ya moyo yanakimbia. Vijidudu vinapokufa kwa mkupuo mwili hufanya hivyo, na presha inaweza kuanguka. Walikuwa tayari na dripu. Nyumbani tungedhani dawa inamuua, tungeiacha.

Sasa wewe umesema jana jioni ameanza kupanda tena. Basi ni leo, usisubiri kesho. Panadol mpe, lakini usikae kungoja imshushe ndipo utoke, toka naye akiwa bado anachemka. Zahanati yenu kama haina hadubini, pita, nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Akishindwa kunywa, akipata degedege, akilegea au macho yakibadilika rangi, usipite popote, moja kwa moja hospitali. Na yule wa dukani akikupigia simu kuuliza hali ya mgonjwa, mwambie yuko maabara.

Majibu ya kioo yaandike hapahapa, hata yakiwa ya saa sita usiku nitayasoma.