Sebule ya Mtwara na jua la kaskazini

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza ni ipi inayofaa zaidi sebuleni kati ya Sea Salt na Comfort Gray, rangi mbili za kijani kilichochanganyika na kijivu kutoka kampuni ya Sherwin-Williams ya Marekani. Kwa nyumba nyingi za hapa Mtwara ninachagua Comfort Gray, na sababu yangu ni jua.

Rangi hizi hufuatana katika kadi moja. Sea Salt, namba 6204, hurudisha takriban asilimia 63 ya mwanga unaoifikia, na Comfort Gray, namba 6205, takriban asilimia 54. Miongozo mingi ya rangi huandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Marekani na Ulaya, ambako chumba chenye dirisha la kaskazini hukosa jua la moja kwa moja, na ndiyo maana hushauri humo ipakwe rangi nyepesi. Anayeufuata ushauri huo huku kwetu hupotea, kwa sababu tuko nyuzi 10 hivi kusini mwa Ikweta, na kuanzia Machi hadi katikati ya Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wetu wa kaskazini, likiinama zaidi mwezi Juni na kuingia hadi ndani. Katika mwanga mkali namna hiyo Sea Salt hupauka hata ukuta ukadhaniwa mweupe, ilhali Comfort Gray hubaki na ukijani wake, na macho hupumzika.

Sea Salt ningeipaka kwenye ukumbi mwembamba, au chumba cha kusini kilichofunikwa na baraza pana. Lakini kama mwembe au mkorosho umesimama karibu na dirisha, majani yake yatauongezea ukuta ukijani, na hapo hata chumba chenye kivuli kinaweza kuonekana kijani kuliko mwenye nyumba alivyokusudia.

Taa nazo zina neno: balbu ya mwanga wa manjano huongeza ukijani, na ile nyeupe sana huuvuta ukuta kwenye kijivu na samawati. Kwa hiyo ninawasihi wasomaji wenzangu wasiamulie dukani. Mpeni fundi kipande cha mbao akipake rangi mara mbili, kikauke kabisa, kisha kisimamishwe wima kwenye ukuta wenyewe na kutazamwa asubuhi, adhuhuri, na usiku taa zikiwa zimewashwa.