Mbwa wa bata afundishwe kukaa kabla ya kuogelea

Wengi wanaotaka mbwa wa kwenda naye kuwinda bata huanza na maji. Wanampeleka ufukweni, wanarusha kijiti, mbwa anaogelea, wote wanashangilia. Baadaye wanafika kwenye majaruba alfajiri, bata wanaingia, na mbwa yuleyule anachomoka kabla bunduki haijainuliwa. Bata wanageuka, na mbwa yuko mbele ya mtutu. Kwa hiyo mfundishe kukaa kwanza.

Kijiti huchoma koo na mpira mdogo humezwa, basi tengeneza kitu cha kutupa. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, tia maji mpaka theluthi, kaza kifuniko, izungushie gunia la katani, shona kwa uzi mnene na uache kamba ya shibiri mbili ya kurushia. Inaelea, na gunia halitelezi menoni. Mazoezi yakiisha ifungie kabatini, kwa sababu ikizagaa uani ataizoea kama mchezo na kuanza kuitafuna.

Dakika kumi kwa siku zinatosha, utupe mara tano au sita. Mbwa akae kushoto kwako akiwa na kamba ya mita kumi. Tupa, hesabu kimoyomoyo hadi tano, ndipo umtume. Nusu ya ulizotupa nenda ukaokote mwenyewe, yeye akiwa amekaa anakuangalia. Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo yenye somo lote: si kila kinachoanguka ni chake. Filimbi moja ndefu iwe kaa, fupi tatu ziwe njoo, na familia nzima itumie hivyohivyo.

Akirudi, mwangalie mdomo. Mbwa aliyezoea kunyang'anywa husimama hatua mbili kutoka kwako, shingo ameikunja pembeni, taya zinabana na kulegea, zinabana na kulegea. Huyo ndiye atakayekuletea bata aliyevunjika mbavu. Piga goti, mpe ubavu badala ya kumkabili, weka kiganja chini ya taya, msifu akiwa bado ameshika, kisha pokea taratibu. Akikimbia nacho usimfukuze. Geuka ukimbie upande wa pili, naye atakufuata. Michezo ya kuvutana kamba na watoto ikome kabisa.

Mlio wa bunduki huletwa kwa wiki, wala si kwa siku moja. Mwenzako agonge sufuria mita mia kutoka hapo mbwa akiwa anakula, na asogee tu pale mbwa anapoendelea kula bila kuinua kichwa. Fataki za mwaka mpya zisiwe somo lake la kwanza.

Sasa maji. Fukwe za Kigamboni ni nzuri maji yanapokupwa, mchanga ukiwa na maji ya kifundo cha mguu. Saa za kupwa husogea mbele karibu dakika hamsini kila siku, basi panga wiki yako kwa hizo. Anza saa kumi na mbili asubuhi, uwe umemaliza saa mbili. Beba lita mbili za maji matamu, kwa kuwa mbwa mwenye kiu hunywa ya bahari akatapika na kuharisha. Ulimi ukiwa mrefu na mwekundu sana, mate mazito, miguu ikiyumba, huo ni ugonjwa wa joto: kivulini haraka, mmiminie maji mfululizo, mpepee, kisha kwa daktari wa mifugo. Usimfunike taulo bichi likakaa mwilini, linashika joto.

Siku ya bata wenyewe, karatasi kwanza: leseni ya silaha, kibali cha kuwinda cha TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na suala la mbwa uliulize waziwazi ujibiwe kwa maandishi. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe haijaisha muda.

Ruvu na Rufiji zina mamba na viboko. Mbwa haingii mtoni wala kwenye dimbwi lenye kina, hata kama bata anaelea mita kumi tu. Kaeni mahali ambapo ndege ataanguka kwenye jaruba la maji machache mnayoyaona chini, na atakayeangukia mkondo asipigwe.

Wenye bunduki wasizidi watatu, mstari mmoja, kila mtu na upande wake wa anga. Mbwa afungwe nyuma kidogo ya mtutu. Pigeni ndege mwenye anga nyuma yake, ndani ya hatua arobaini. Zaidi ya hapo marisau hujeruhi tu. Mmoja ahesabu walioanguka na mahali. Mbwa anapotumwa, bunduki zote ziwe zimefunguliwa na hazina kitu, na ndege aliyejeruhiwa aokotwe wa kwanza.

Jambo la mwisho liongeleeni mapema. Waislamu wengi wa pwani ni wa madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi: palipoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Muulizeni mwenzenu mapema, msisubiri bata awe mkononi. Beba mfuko wa pili, na ndege wake aokotwe kwa mkono wa mtu.

Mkifika nyumbani, mbwa aoshwe chumvi na tope, masikio yakaushwe, na kupe watafutwe katikati ya vidole, chini ya mkia na ndani ya sikio kabla hajalala.