Keki za asali za kugawia wageni, harusi ya Jumamosi

Dada unayeuliza uoke lini ili zisikauke kabla ya harusi, oka Alhamisi, hata Jumatano jioni si mapema mno. Keki ya asali inakaa laini siku tatu nne bila friji kwa sababu asali huvuta unyevu na kuushika. Ya sukari tupu hukauka upesi zaidi, hasa kwa joto la huku Tabora. Nimeoka za harusi za ndugu kwa asali yetu ya miombo na ndivyo zinavyokaa.

Ila usibadilishe sukari kwa asali kikombe kwa kikombe. Kikombe 1 cha sukari weka robo tatu ya asali, punguza maziwa kama robo kikombe, ongeza magadi ya kuokea robo kijiko cha chai. Asali hubadilika rangi haraka, kwa hiyo kama ni jiko la mkaa punguza makaa ya juu ya mfuniko, la sivyo juu zitaungua na katikati mbichi.

Kinachoziharibu zaidi ni kuzifunga zikiwa na joto. Zinatoa jasho ndani ya mfuko, ukungu unafuata. Ziache zipoe kabisa, hata usiku mzima chini ya kitambaa safi, ndipo ufunge. Krimu usipake, haihimili kukaa nje.

Na tafadhali andika kwenye kila kifurushi kwamba ina asali. Mtoto chini ya mwaka 1 asipewe, hata ikiwa imeokwa.