Mpira wa nguo ukishakufa, pasi haiurudishi

Swali: Shikamoo fundi. Naandika kutoka Nansio, Ukerewe. Mume wangu ni mvuvi, na boksa zake nne zimelegea kiunoni. Sketi mbili za shule za binti yangu nazo zinamdondoka. Niliona kwenye simu mtu akifunika mpira kwa kitambaa kilicholowa, kisha anakandamiza pasi ya moto sana, mpira unajikunja. Nimefanya hivyo kwa boksa zote. Zilikaza siku mbili, halafu zikalegea kuliko mwanzo. Nilikosea kiwango cha moto? Na je, naweza kuchomoa mpira kwenye boksa zilizochanika nikautia kwenye sketi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Moto wako haukuwa na kosa. Kosa ni la huyo aliyekuonyesha kwamba mpira uliolegea unarudishwa kwa pasi. Simjui, lakini matokeo ya mafunzo yake naletewa hapa Mwanza kila wiki: viuno vimekakamaa, vimebabuka, na mwenye nguo ananiuliza apandishe moto kiasi gani safari ijayo. Inaniuma, kwa sababu nguo nyingi kati ya hizo zingepona kwa kipande cha mpira mpya na nusu saa ya kazi.

Chukua mkasi, kata kiuno cha boksa mojawapo uliyoipiga pasi, utazame pale ulipokata. Utaona nyuzi nyembamba za mpira zimelala sambamba, zimefunikwa na uzi wa poliesta au pamba. Mpira ukiwa mzima, ukikata tu zile nyuzi zinarudi ndani kama pembe za konokono zilizoguswa. Ukiwa umekufa zinabaki palepale, na ukizibana kwa kucha zinakatika na kuacha ungaunga. Pasi inachofanya ni kuikunyata ile poliesta ya nje. Pamba nayo ikipata maji ya moto inajivuta. Kwa hiyo kilichokaza ni ganda. Mtu akivaa siku mbili ganda linatanuka tena, na zile nyuzi chache zilizokuwa bado hai ndani umeshaziunguza. Ndiyo maana zililegea kuliko mwanzo.

Mpira wa asili unaotiwa kwenye nguo ni minyororo mirefu sana ya chembe ndogo, iliyofungwa pamoja kwa salfa. Njia hiyo ya kuupika mpira na salfa ilianzia kwa Charles Goodyear wa Marekani mwaka 1839. Hewa, jua na joto vikishaikata minyororo hiyo, hakuna pasi wala sufuria ya maji yanayochemka inayoweza kuiunga. Nguo nyingi za siku hizi zina elastane, uzi wa kuvutika wa kiwandani, aliyoibuni Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont mwaka 1958. Hiyo inavumilia jasho na mafuta kuliko mpira wa asili, lakini blichi ya klorini inaila, na pasi ya moto mkali inaimaliza vilevile.

Sasa mume wako ni mvuvi, na hapo nadhani ndipo boksa zake zinapokufa mapema. Petroli na oili ya injini ya boti zikigusa mpira wa asili, unavimba na kulegea. Halafu nyumbani doa la oili linatolewa kwa mafuta ya taa, yaani unauongezea mpira sumu ileile. Kisha nguo inaanikwa juu ya mwamba. Nimekulia kwenye miamba hii, najua jiwe la saa saba mchana huwezi kuliwekea kiganja ukahesabu kumi. Ziwa letu la Viktoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, jua lake ni kali. Anika kwenye kamba kivulini, nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje, na usikamue kwa kusokota kiuno. Doa lililo karibu na mpira lifikiche kwa sabuni na maji ya baridi tu, hata kama litabaki kidogo.

Kuchomoa mpira wa zamani inawezekana, ila upime kwanza. Weka alama mbili zenye sentimita 20 katikati yake, vuta mpaka 40, hesabu kumi, achia. Ukirudi 20, au ukazidi kidogo sana, utumie. Ukibaki 22, au ukisikia unaalika ndani wakati unauvuta, tupa. Boksa iliyochanika makalioni kiuno kikiwa bado kinang'ata ina mpira mzuri kwa sketi ya mtoto. Fumua kwa wembe taratibu usikate nyuzi, fua, kausha kivulini. Binti akiwa na kiuno cha sentimita 60, kata 57: umepunguza tano, umeongeza mbili za kupandanisha ncha. Mzungushie kwanza kiunoni. Vidole viwili vipite chini yake bila kulazimisha. Ncha zilale moja juu ya nyingine, ushone zigizaga. Usifunge fundo, litamchoma mgongoni akikaa darasani.

Kuna mafundi wenzangu ambao mteja akileta kiuno kilicholegea wanakikunja sentimita tatu na kukishona, wanachukua hela. Kufupisha kunafaa nguo kubwa yenye mpira hai, basi. Mpira mfu ukiufupisha utavalika wiki moja, na mteja amelipa. Wabaya zaidi ni wanaokandamiza pasi viuno vya nguo za ndani za mitumba ili mnunuzi akivuta kidogo pale kwenye rundo aone zinang'ata. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lilishapiga marufuku nguo za ndani za mitumba, na bado zinauzwa. Nawaomba kina mama: kiuno kilichokakamaa, chenye mng'aro kama kimepakwa nta, kirudishe kwenye rundo. Na yeyote anayekuuzia dawa ya kupaka ili mpira urudi, mnyime hela yako. Mafuta ya nazi ambayo wengine wanashauri nayo yanauozesha mpira wa asili.

Kwa boksa, nunua mpira ambao ukiuvuta haupungui upana. Ule unaosinyaa ukivutwa ni wa kupitisha kwenye pindo tu. Ukiutoboa kwa sindano unakata nyuzi zake. Gawa mpira na kiuno cha nguo sehemu nne zinazolingana, weka alama, bana alama kwa alama kwa pini, kisha shona zigizaga huku unauvuta mpira ulingane na kitambaa. Sindano iwe ya ncha butu, ile ya vitambaa vya kuvutika. Vile viuno ulivyopiga pasi kata vyote utupe, usijaribu hata kuvitia kwenye sketi.