ULIZA TUKUJIBU: Mechi ya kwanza ya NBA, mbona hakuna ribaundi hata moja?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nimekutana na karatasi ya takwimu ya mechi ya kwanza kabisa ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ile ya 1946, nimebaki nashangaa. Ribaundi (kudaka mpira uliokosa kikapu) hakuna, stili (kupora mpira) hakuna, bloku (kuzuia mtupo) hakuna, na aliyefunga nyingi kuliko wote ana pointi 18 tu. Vijana ninaowafundisha wanacheka, wanasema hao wazee mpira walikuwa hawaujui. Ni kweli? — Msomaji, Mwanza

JIBU: Salama kaka. Hao vijana wako waambie wapunguze kucheka kwanza. Ribaundi zilikuwepo, mpira ukigonga chuma lazima mtu audake, ila hakukuwa na mtu wa kuziandika. Ligi ilianza kuhesabu ribaundi msimu wa 1950-51, dakika za mchezaji msimu uliofuata, stili na bloku zikasubiri mpaka 1973-74, na pointi tatu za mtupo wa mbali ndo kabisa, zilikuja 1979. Kwa hiyo ukiona nafasi tupu pale usisome sifuri, soma "hatukuhesabu".

Sasa mechi yenyewe. Ilikuwa tarehe 1 Novemba 1946, Toronto, Kanada, ndani ya Maple Leaf Gardens ambao ulikuwa uwanja wa hoki ya barafu, na hapo ujue ligi yenyewe ilikuwa inaitwa BAA (Basketball Association of America), jina la NBA lilikuja 1949 walipoungana na ligi nyingine ya NBL, lakini NBA wanaihesabu kama mechi yao ya kwanza. Wenye viwanja vya hoki walikuwa wanatafuta kitu cha kujaza kumbi zao siku ambazo hoki haipo. Wakaja watu 7,090. Tangazo lao lilinifurahisha sana: ukimzidi urefu George Nostrand wa Toronto Huskies, jamaa wa futi 6 na inchi 8, unaingia bure! Yaani Hasheem Thabeet wetu angekuwepo asingetoa hata senti.

New York Knickerbockers walishinda 68-66. Kikapu cha kwanza kabisa alifunga Ossie Schectman wa New York, akamaliza na pointi 11, mwenzake Leo Gottlieb akaongoza timu kwa 14. Ile 18 uliyoiona ni ya Ed Sadowski wa Toronto, na hapa ndo utamu wenyewe ulipo. Huyu bwana alikuwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja, halafu dakika kama tatu tu za kipindi cha pili (kila kipindi ni dakika 24) akala faulo ya tano, na enzi hizo tano zilitosha kukutoa, siyo sita kama leo. Maana yake zile pointi 18 kazipata ndani ya dakika zisizozidi 27 hivi. Karatasi haikuambii hilo kwa sababu dakika hazikuandikwa, unaona 18 unadhani kacheza mechi nzima akachoka. Akaingia Nostrand huyohuyo wa tangazo, Toronto wakapata uongozi kwa mara ya kwanza, wakaja kuupoteza mwishoni.

Kuhusu ujuzi, ni kweli walikuwa wanakosa sana, siwezi kukudanganya. Msimu ule ligi nzima ilikuwa inaingiza kama asilimia 28 ya mitupo, leo tunaongelea 47 hivi. Mfungaji bora Joe Fulks wa Philadelphia alirusha mara 1,557 akaingiza 475, kocha wa leo angemkalisha benchi, lakini kwa wastani wake wa pointi 23.2 kila mechi hakuna aliyemsogelea. Wengi walikuwa bado wanarusha kwa mikono miwili miguu ikiwa chini, Fulks yeye anaruka ndo anarusha, wakamshindwa. Asisti, yaani pasi za kumfungisha mwenzako, nazo zilitolewa kwa ubahili wa ajabu, kinara wa msimu Ernie Calverley alikuwa na wastani wa 3.4. Siku hizi hiyo ni asisti ya mtu anayetoka benchi.

SWALI: Baba mdogo anabisha kwamba kuna mechi ya NBA iliisha 19-18, watu wazima wanalipwa mshahara. Tumewekeana soda. Nani anakunywa? — Msomaji, Eldoret

JIBU: Mnunulie tu, baba mdogo kashinda. Ni tarehe 22 Novemba 1950, Fort Wayne Pistons 19, Minneapolis Lakers 18, wakiwa nyumbani kwa Lakers. Pistons walijua wakicheza wazi George Mikan, nyota wa Lakers, atawamaliza, basi wakawa wanaushika mpira tu, wanasimama nao, mashabiki wanazomea. Hakukuwa na sheria ya kuwalazimisha warushe. Timu zote mbili kwa jumla ziliingiza vikapu 8, vinne kila upande, pointi nyingine zote ni za mitupo huru, ile ya adhabu baada ya faulo. Na vile vinne vya Lakers vyote ni vya Mikan! Alifunga 15 kati ya 18. Kwa macho ya haraka utasema kacheza hovyo, pointi 15 kitu gani, kumbe ni timu nzima peke yake. Robo ya mwisho ilikuwa 3-1, Larry Foust akafunga cha ushindi zikiwa zimebaki sekunde chache.

Dawa ilipatikana 1954, ile saa ya sekunde 24, yaani timu lazima irushe kabla hazijaisha. Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, alipiga hesabu kwamba mechi tamu huwa na mitupo kama 120, akachukua sekunde 2,880 za mechi akagawa, akapata 24. Wastani wa pointi za timu kwa mechi ukapanda kutoka 79.5 mpaka 93.1 ndani ya msimu mmoja tu.

SWALI: Wilt Chamberlain, yule wa NBA, siku aliyofunga pointi 100 kwenye mechi moja alipiga bloku ngapi? — Msomaji, Tanga

JIBU: Ilikuwa tarehe 2 Machi 1962, bloku zilikuwa bado hazihesabiwi, na mechi haikuoneshwa kwenye TV, kwa hiyo hapo hatuna cha kukupa. Ribaundi zipo, 25. Ila mimi kwenye karatasi ile wala 100 hainishtui sana kama mitupo huru: 28 kati ya 32. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote ya mpira aliingiza nusu tu ya mitupo huru, na msimu ule alikuwa anairusha kwa kuchota kutoka chini kwa mikono miwili. Baadaye akaiacha staili hiyo.