Futa hiyo picha ya dada wa kazi kwanza, mengine baadaye

Mkuu, futa. Hata kabla hujamaliza kusoma hapa. Umeandika kwamba mtoto wa jirani yenu wa miaka sita hajaonekana tangu jana jioni, dada wa kazi wa nyumba ya pili naye hayupo, unayo picha yake safi kabisa ya kwenye kipaimara, umeshaitupia kwenye grupu la mtaa, na sasa unataka tukusaidie maneno ya kuweka chini yake ili isambae mikoa yote. Halafu ukauliza na mambo ya tangazo la redio na zawadi ya fedha. Mimi nimeishia kwenye picha.

Na nyie mliomjibu hapo juu, "posti mkuu, hawa ndio zao", "tupe namba yake tumshughulikie", nawajua vizuri. Mimi nilikuwa mwenzenu, tena nilikuwa admin.

Sisi ilitokea Kihonda, Morogoro. Mtoto wa mama mmoja tuliyekuwa tumepanga naye nyumba moja alitoka kununua mafuta ya taa dukani, hakurudi. Saa moja usiku mtaa mzima uko nje na tochi za simu. Mtu mmoja, na mpaka leo hakuna anayekumbuka alikuwa nani, akasema alimwona mtoto akifuata baiskeli ya muuza askrimu. Ikatosha. Kufika saa mbili "alimfuata" imekuwa "alimpakia", na saa tatu kuna watu wanaapa walisikia mtoto akilia ndani ya boksi la askrimu. Boksi lenyewe, wakuu, halitoshi kuku wawili.

Sasa mimi ndiye nilikuwa na picha. Siku chache nyuma nilikuwa nimempiga picha binti yangu akinunua askrimu, na yule jamaa akatokea vizuri, anacheka. Nikamkata binti yangu kwenye picha, nikambakiza muuza askrimu. Sikukata vizuri. Mkono wa mtoto ukabaki pembeni, umeshika sarafu ya mia mbili.

Hapo ningempelekea mpelelezi tu nikalale. Lakini nilijiona mjanja, nikampigia jamaa mmoja mwenye ukurasa mkubwa wa habari za mkoa. Simtaji, ana wafuasi wengi na mimi nina amani kidogo iliyobaki. Akaniambia hivi: "Kaka, polisi hawaamki bila presha. Usiandike eti anatafutwa kwa mahojiano, hiyo haisambai. Andika MTEKAJI kwa herufi kubwa, weka sura, weka namba yako." Mimi mtu mzima, nina familia, nikamsikiliza mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu laiki. Nikaandika MTEKAJI. Nikaweka na alama tatu za mshangao, maana nilisoma shule nzuri.

Yule muuza askrimu walimpata asubuhi kwake, upande wa Mkundi, anafunga boksi kwenye baiskeli aende kazini kama kawaida. Mtekaji gani anaamka kwenda kuuza askrimu? Hakuna aliyejiuliza. Wale ambao magazeti huwaita wananchi wenye hasira kali walikuwa majirani zangu, nawajua kwa majina, mmoja ni mzee wa kanisa. Baiskeli ikachomwa. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ndiye alimwingiza ofisini kwake akakaa mlangoni na mgambo wawili mpaka gari la polisi lilipofika. Bila yule mzee tungekuwa tunazungumza lugha nyingine hapa. Taya lilivunjika, na jicho la kushoto halikurudi.

Watu wakisikia hadithi yangu huwa wanaishia hapo, wanasema pole sana, ulimwonea mtu. Ni kweli nilimwonea. Lakini sikiliza nilichomfanyia MTOTO, maana wewe unasema unafanya hivi kwa ajili ya mtoto.

Gari la polisi la eneo letu siku ile lilifanya kazi moja: kumlinda mtuhumiwa asiuawe. Lilimpeleka kituoni, watu wakazingira kituo, likampeleka hospitali, watu wakafuata hospitali. Askari waliokuwa waende kuuliza stendi walikuwa wanazuia mawe. Na mtaa nao uliacha kutafuta. Mtu ameshakamatwa, tunatafuta nini tena? Tukakaa tunasubiri apigwe mpaka aseme alikomficha.

Mtoto wakati huo yuko kwenye basi la Dodoma na shangazi yake. Baba na mama walikuwa na mgogoro, upande wa baba ukaamua kumchukua mtoto kimyakimya. Na pale stendi ya mabasi ya Msamvu kuna mama lishe aliwauzia chai na chapati. Alimwona mtoto analia, anamkatalia yule mwanamke. Picha ya mtoto alikuwa nayo kwenye simu, kwa sababu tangazo langu lilikuwa limemfikia kabla ya basi kuondoka. Baadaye polisi walipomuuliza kwa nini hakupiga simu, alijibu maneno ambayo nilisomewa na mpelelezi nikiwa nimekaa mbele yake: "Nilimwona anafanana, lakini tangazo lilisema mtekaji ni mwanaume muuza askrimu na ameshashikwa. Nikajua siye."

Umeelewa, mkuu? Tangazo lilifika mahali sahihi, kwa mtu sahihi, kwa wakati sahihi, na sura niliyoibandika ndiyo iliyomfunga mdomo shahidi. Bila ile sura, yule mama anapiga simu, basi linasimamishwa hata kabla ya Dumila. Mtoto alikuja kupatikana Manyoni akiwa mzima, namshukuru Mungu, lakini muda wote ule mama yake alikuwa amelazwa kwa presha akiamini mwanawe ameuawa na muuza askrimu. Nani alimwaminisha? Mimi na alama zangu tatu za mshangao.

Yule mwenye ukurasa? Aliifuta posti yake akaweka tangazo la dawa ya nguvu za kiume. Nilipompigia akasema, "Sisi tulichukua kutoka kwako kaka, chanzo ni wewe." Akakata. Yaani ningejua kwamba neno "chanzo" linaweza kumpeleka mtu kutoa maelezo polisi, ningelisoma kwa makini darasani. Pikipiki yangu iliuzwa, sehemu ikaenda hospitali kwa yule jamaa, sehemu kwa wakili.

Na wakili ndiye alinifungua macho, kwa bei yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16 kinachohusu taarifa za uongo, kinaanzia faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Katiba ibara ya 13(6)(b) nayo inakataza hata mtu aliyekwisha kushtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Aliyeshtakiwa! Yule wangu hakuwa ameshtakiwa na yeyote zaidi ya grupu la WhatsApp.

Najua mtasema, je, kama ndiye kweli? Nilimuuliza wakili swali hilohilo, nikidhani nimembana. Akaniambia kama ndiye kweli, ndiyo umeharibu zaidi. Polisi wakitaka shahidi amtambue mtuhumiwa wanaandaa gwaride la utambulisho, wanampanga katikati ya watu wanaofanana naye, shahidi anaonyesha ni yupi. Sasa shahidi aliyelala na picha yake kwenye simu usiku kucha atashindwaje kumwonyesha? Anaonyesha picha uliyomtumia wewe, si mtu aliyemwona njiani. Wakili wa utetezi anauliza swali moja tu, "Uliiona picha hii kabla ya gwaride?", na ushahidi wote wa kutambua unayumba. Tangu kesi ya Waziri Amani ya 1980 Mahakama ya Rufani imekuwa ikisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, hautegemewi mpaka uwezekano wa kukosea uondolewe. Wewe unauongeza, tena bure, na kifurushi chako mwenyewe.

Halafu kuna ile ya wenzetu Kenya 2021. Kijana wa miaka 20 alikamatwa Julai, polisi wakasema amekiri kuua watoto zaidi ya kumi. Oktoba akatoroka mahabusu ya kituo cha Jogoo Road, Nairobi, siku aliyokuwa afikishwe mahakamani. Akaenda kwao Bungoma, wanakijiji wakamkuta, wakamuua. Mitandaoni watu walishangilia, hata mimi kipindi hicho niliweka moyo mwekundu. Lakini fikiria wewe ni mzazi wa mmoja wa wale watoto. Kesi hakuna. Hutasikia ushahidi, hutajua alikuwa peke yake au alikuwa na watu nyuma yake, na hakuna askari aliyebanwa kizimbani kueleza ilikuwaje. Alizikwa na majibu yote.

Na msiniambie hii ni tabia ya Waafrika tusiosoma. Yule binti wa Kiingereza, Madeleine McCann, aliyepotea Praia da Luz, Ureno, Mei 2007, magazeti ya Uingereza yenye mawakili na wahariri yalimwandama mwanaume mmoja aliyeishi jirani na pale, aliyekuwa akiwasaidia polisi kutafsiri. Hakushtakiwa kwa lolote. Julai 2008 magazeti 11 yalikubali kumlipa paundi 600,000 na kumwomba radhi. Wazazi wenyewe wa mtoto walishalipwa paundi 550,000 mwezi Machi mwaka huohuo, kwa kuandikwa kwamba wao ndio waliomuua. Huko angalau kuna wa kulipa. Muuza askrimu wangu nilimlipa nusu ya bei ya pikipiki ya Kichina iliyotumika, na alipotoka hospitali alihama mkoa. Mtaani bado kuna watu wanasema, "lakini lazima kuna kitu alifanya."

Posti yangu niliifuta mchana uleule. Haijafutika. Juzi juzi imeingia kwenye grupu la ukoo wa mke wangu, safari hii mtoto ana jina jingine, mji ni Mbeya, na mtekaji ni yuleyule. Nimemtambua kwa ule mkono wa binti yangu na sarafu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na siibadilishi hata mnitukane: picha ya mtoto isambae, picha ya mtu mwingine yeyote iende kwa mpelelezi mkononi. Hakuna "lakini huyu tuna uhakika naye". Sisi tulikuwa na uhakika mpaka wa boksi.

Tangazo la mtoto liwe na sura yake, nguo alizovaa, alama aliyonayo mwilini kama ipo, alionekana wapi mara ya mwisho na saa ngapi, namba ya RB (ile ya ripoti mliyofungua polisi) na namba ya simu ya mzazi na ya kituo. Basi. Usiweke "inasemekana". Usiweke kabila la mtu, usiweke "alikuwa na mgeni fulani". Ukiacha wazi nani kamchukua, kila mtu anayesoma ataangalia kila mtoto na kila mtu mzima aliye naye, na hicho ndicho unachotaka. Kama hamjaripoti, mripoti sasa hivi, huo uzushi wa kusubiri saa 24 sijui mliutoa kwenye filamu gani. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituoni, na pigeni 116, simu ya mtoto, ni bure. Waelezeni kila kitu kuhusu huyo dada, na picha wapeni wao. Atakayekuambia "polisi hawafanyi kazi bila presha", muulize yeye amewahi kukaa mbele ya mpelelezi akisomewa maelezo ya mama lishe.

Na kuna kitu kwenye maelezo yako kimenikaba tangu nianze kuandika. Umesema huyo dada wa kazi "ni kabinti ka kama miaka 16, kametoka Singida, hakana ndugu hapa mjini". Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Hapo mtaani kwenu hawaonekani watoto wawili tangu jana, na wewe unamtafuta mmoja kwa kumwindia mwenzake. Je, kama wamechukuliwa wote? Je, kama huyo binti alikimbia kipigo cha bosi wake na hajui lolote kuhusu mtoto wa jirani? Hakana ndugu hapa, maana yake hakana hata mtu wa kukaa mlangoni kama yule mwenyekiti wetu. Ripoti yake imefunguliwa na nani? Nenda kaifungue.

Ya redio na zawadi watakujibu wengine, mimi sina uzoefu nayo. Ukishaifuta picha kwenye grupu, hakikisha umebonyeza ifutike kwa wote, maana wengi hufuta kwao tu wakadhani wamemaliza. Kisha mwambie kila aliyeisambaza afute naye, mmoja mmoja, kwa kumpigia. Anza na huyo aliyeiweka kwenye stetasi yake pamoja na picha ya panga.